Babu wa mchumba ameuliza "tocher": je, ni mahari, na nani anamlipa nani?

*"Mimi ni shangazi wa binti anayeishi Edinburgh, na ndiye ninayesimamia mambo ya posa. Kwetu ni Muheza. Mchumba wake ni Mskoti, kwao ni mashambani huko Aberdeenshire. Juzi tulizungumza na wazee wake kwa simu ya video, na babu wa kijana akauliza huku anacheka: 'An whit's her tocher?', yaani 'na tocher yake ni nini?' Kijana akaona haya, akageuza mazungumzo. Sisi tukatafuta. Kamusi moja ikasema tocher ni 'dowry', nyingine ikasema 'dowry' ni mahari. Kaka yangu, baba wa binti, akafurahi: basi wameuliza wenyewe, tuwatajie kiasi. Lakini binti mwenyewe anasema tocher hutolewa na upande wa mwanamke, na sasa mama yake hapati usingizi, anadhani tunadaiwa. Kuna aliyetuambia pia kwamba Waskoti huoana kwa majaribio ya mwaka mmoja na siku moja, mume asiporidhika anarudisha mke pamoja na hiyo tocher. Neno hili lina maana gani hasa, na je, sheria ya huko inaweza kutudai?"*

Shangazi, mwambie wifi yako alale. Hamdaiwi kitu. Hakuna sheria Uskoti leo inayomtaka mzazi wa binti atoe tocher. Ofisi ya msajili wa ndoa haitauliza habari zake, na yule mzee alikuwa anatania kwa neno la zamani, kama wazee wa mashambani wa kaskazini-mashariki ya Uskoti wanavyopenda kufanya. Haya ya kijana ni dalili njema: alijua kwamba neno lile halitaeleweka upande wenu, na hakutaka muone mnapimwa.

Kuhusu maana, binti yenu ndiye aliyepatia. Tocher ni mali ambayo binti alikuja nayo katika ndoa kutoka kwao. Baba yake, au kaka zake kama baba alikuwa amefariki, ndio walioahidi na kulipa. Safari ya mali ilianza kwa mke ikaishia kwa mume. Mahari yetu husafiri kinyume chake. Kaka yako akitaja kiasi kwa furaha, wale wazee watasikia kwamba anatangaza atawapa hicho kiasi. Naomba asitaje kwanza.

Lakini msimlaumu kwa kukosea, maana kamusi ndizo zilizompoteza, na hazijampoteza yeye peke yake. Neno la Kiingereza "dowry" lina maisha mawili. Huko Uingereza na Uskoti maana yake ni mali ya upande wa mke. Kiingereza cha Afrika Mashariki kikalichukua neno hilohilo kikalifanya liwe mahari, mpaka likaingia katika sheria. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inalitumia kwa mali inayotolewa au kuahidiwa kwa ajili ya ndoa inayokusudiwa, na inasema pale ambapo mila inadai malipo hayo ili ndoa ithibitike, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Kila Mkenya akisoma hapo anaelewa mahari. Kwa hiyo mkianza na tocher, mkapita "dowry" ya Edinburgh, mkatokea "dowry" ya Nairobi, mmeshageuzwa uso bila kujua.

Neno lenyewe asili yake ni Kigaeli, lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi, ambako walisema *tochar*. Hata leo Kigaeli kina *tochradh* kwa maana hiyohiyo. Kutoka huko likaingia katika Kiskoti cha nyanda za chini, na kwenye maandishi linaonekana tangu mwishoni mwa karne ya 15. Ile "ch" ya katikati si ya "chai". Ni "kh" kama mtu wa pwani anavyoitamka katika "kheri". Ukilisema hivyo mzee atashangaa, kwa sababu Waingereza wengi sauti hiyo huwashinda.

Likazaa watoto. Kulikuwa na kitenzi, *to tocher*, yaani kumpa binti tocher yake. Binti mwenye mali aliitwa *weel-tochered*, asiye nayo *tocherless*, na hati ya makubaliano ikaitwa *tocher-band*. Methali moja ikasema *a tocherless dame sits lang at hame*: binti asiye na tocher hukaa sana kwao. Nyingine ikaijibu: *better a tocher in her than wi' her*, heri tocher iwe ndani ya mwanamke kuliko kuja naye. Ukizisoma pamoja unaona kwamba Waskoti wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hili.

Sasa tuje kwenye kazi yake, maana hapa ndipo watu wengi hukosea hata wakishajua mali ilitoka wapi. Wanadhani baba alikuwa ananunua mkwe. Tazama hati za ndoa za watu wenye ardhi katika karne ya 16 na 17. Upande mmoja, baba wa binti anajifunga yeye na warithi wake kulipa kiasi fulani cha merk, sarafu ya Kiskoti iliyokuwa theluthi mbili ya pauni ya Kiskoti. Mara nyingi hakulipa kwa mkupuo. Aligawa malipo kwa misimu miwili ya mwaka ambayo nchi nzima ililipia kodi na madeni, Whitsunday mwezi Mei na Martinmas mwezi Novemba. Upande wa pili, mume au baba yake anamwekea mke ardhi ambayo, mume akifa, mjane ataishi juu yake na kula mazao au kodi yake mpaka naye afe. Haki hiyo waliiita *liferent*. Haikuwa umiliki, ilikuwa matumizi ya maisha. Kadiri tocher ilivyokuwa kubwa, ndivyo wazazi wa binti walivyoweza kudai ardhi zaidi kwa ajili ya ujane wake.

Kwa hiyo baba aliyelipa tocher alikuwa akimnunulia binti yake uzee. Wanaume walikufa mapema, vitani na kwa maradhi, na mjane asiye na hati angeweza kubaki mikononi mwa shemeji zake. Ni kweli sheria ilimpa mjane kitu hata bila hati. Kulikuwa na *terce*, haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, na kulikuwa na fungu lake katika mali inayohamishika: theluthi kama kuna watoto, nusu kama hakuna. Terce ilifutwa na sheria ya urithi ya 1964, lakini fungu la mali inayohamishika lipo hadi leo, na binti yenu atakuwa nalo. Hata hivyo familia zenye uwezo hazikupenda kutegemea sheria peke yake. Ziliandikiana.

Na hapa niseme wazi lililo baya, maana sitaki mfikiri naupamba utaratibu ule. Tocher ya fedha ikishalipwa ilikuwa mali ya mume. Sheria ya zamani ya Uskoti ilimpa mume umiliki wa karibu mali yote inayohamishika ya mkewe kwa sababu tu wameoana: fedha, ng'ombe, hata mshahara alioupata kwa jasho lake. Mke alibaki na nguo zake, mapambo yake na ahadi ya siku atakapokuwa mjane. Mshahara wa mke ulianza kulindwa na sheria ya 1877, na ile haki ya mume kumiliki mali ya mke ilifutwa mwaka 1881 kwa ndoa zilizofungwa baada ya hapo. Mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya mke mwenyewe na hakuna wa kumnyang'anya, ilikuwa imempa mwanamke wa pwani yetu kitu ambacho mke wa Edinburgh alikipata karne nyingi baadaye. Watu wa Uskoti wakisikia hilo hushangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Walipotengana je? Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya 1560, Uskoti ilipoliacha Kanisa Katoliki, talaka iliruhusiwa kwa uzinzi, na sheria ya bunge ya 1573 ikaongeza utoro: mwenzi aliyemwacha mwenzake kwa miaka minne bila sababu angeweza kupewa talaka, na aliyekosa akapoteza. Sheria ile inalitaja neno lenu kwa jina, kwamba mwenye hatia atapoteza *tocher* na zawadi za ndoa. Kwa hiyo mali ile ilikuwa pia fimbo ya kuwafanya watu wakae.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa kifalme, na bado uko kwenye ramani. Mwaka 1468 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwe, alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Tocher ilipangwa florini 60,000 za Rhine, sarafu za dhahabu. Mfalme hakuwa nazo. Akasema atalipa 10,000 kabla ya binti kusafiri, na kwa zile 50,000 akaweka rehani haki zake katika visiwa vya Orkney. Muda ukafika, akapata 2,000 tu. Kwa zile 8,000 zilizobaki akaweka rehani Shetland, Mei 1469. Arusi ikafungwa Julai mwaka huo Edinburgh, bibi arusi akiwa na umri wa miaka kama 13. Rehani haikukombolewa. Mwaka 1472 bunge la Uskoti likaviunganisha visiwa na taji, na Denmark ilipojaribu baadaye kulipa ili ivichukue, ilizungushwa hadi ikachoka. Orkney na Shetland ni sehemu ya Uskoti leo kwa sababu baba mmoja hakumaliza kulipa tocher ya binti yake.

Kwa watu wa chini mambo yalikuwa tofauti sana. Huko nyanda za juu tocher ilihesabiwa kwa ng'ombe. Msichana wa kijijini nyanda za chini alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wengine miaka kadhaa, akiweka mshahara wake, akisokota sufu na kitani usiku, akajaza sanduku la mbao waliloliita *kist*: mashuka, mablanketi, mataulo. Vitu hivyo viliitwa *providing*. Kama kuna kitu katika maisha yenu kinachokaribia hapo, ni kitchen party, ila yule msichana mara nyingi alijifanyia mwenyewe. Nikisoma orodha za masanduku hayo ndipo ninapomwona mtu halisi kuliko katika hati za mabwana. Ukiona shuka sita zimetajwa, ujue ni majira mangapi ya baridi mtu amekaa kwenye gurudumu la kusokotea.

Nchi yenyewe ikaanza kulikejeli neno. Robert Burns, mshairi wa Ayrshire aliyefariki 1796, aliandika mwaka huohuo wimbo wa mwanamume anayekataa uzuri na kutaka msichana mwenye *acres o' charms*, yaani urembo unaopimwa kwa ekari, mwenye mashamba yaliyojaa mifugo. Katika wimbo mwingine msichana ndiye anayesema: anajua vizuri kabisa kwamba kinachomvutia mpenzi wake ni tocher, na mapenzi anayotangaziwa ni *airle-penny*, arubuni tu ya biashara. Nyimbo hizi bado zinaimbwa, na ndiyo sababu kubwa inayofanya neno liwe midomoni mwa wazee hadi leo. Yawezekana babu wa kijana hajawahi kuona tocher ikilipwa maishani mwake, lakini nyimbo hizo anazijua.

Sasa hili la mwaka mmoja na siku moja. Aliyewaambia amechanganya mambo mawili, na moja ni la kweli. La kweli ni kanuni ya mali. Zamani, ikiwa mmoja wa wanandoa alikufa kabla ya mwaka mmoja na siku moja kupita tangu arusi, na hakuna mtoto aliyezaliwa hai na kusikika akilia, basi tocher ilirudi kwao mwanamke, na haki za upande wa pili zikafutika. Ilikuwa njia ya kuzuia familia moja isitajirike kwa ndoa iliyokatika mapema. Soma vizuri: ni kifo, si kutoridhika. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1855.

La pili ni *handfasting*, kushikana mikono. Hicho kilikuwa kiapo cha uchumba. Hadithi ya kwamba ilikuwa ndoa ya majaribio ilivuma sana kupitia maandishi ya wasafiri na watunzi wa riwaya. Sheria ya Uskoti ilikuwa kali upande wa pili kabisa: mwanamume akimwahidi mwanamke ndoa, kisha wakalala pamoja kwa kutegemea ahadi hiyo, mahakama ingeweza kutamka kwamba hao ni mume na mke. Njia hiyo ya ndoa ilifungwa tarehe 1 Julai 1940. Kwa hiyo aliyetaka kujaribu angejikuta ameoa. Siku hizi handfasting ni pambo la arusi, mikono ya maharusi hufungwa utepe, na kama binti yenu atalitaka hakuna ubaya wala sharti lolote ndani yake.

Tocher haikufa siku moja. Wake walipopata mali zao wenyewe, hesabu ya zamani ilikosa msingi, na kazi za viwandani zikawapa wasichana fedha bila kusubiri baba. Kilichobaki ni desturi nyepesi: wazazi wa bibi arusi kuchangia arusi, na huko magharibi na katikati ya Uskoti mama wa binti kuwaalika wanawake nyumbani waje waone zawadi zilizopangwa mezani. Hizo nazo zinapungua, maharusi wengi hujilipia.

Basi mfanyeje? Ushauri wangu ni kwamba yale ya kwenu myaeleze kama yalivyo, bila kulitumia neno "dowry" wala tocher. Semeni "mahari", kisha elezeni: kwetu upande wa kijana huleta kitu, kinaonyesha heshima kwa waliomlea binti, na mazungumzo hufanywa na wazee. Kijana amweleze babu yake mwenyewe, kwa lugha yao. Mkipanga kiasi, kumbukeni kwamba mtu asiyejua mila anaweza kusikia bei pale mnapotaja heshima. Familia nyingi zilizooza mabinti ng'ambo zimechagua kiasi cha ishara, na sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Lakini kama ndoa itafungwa Kiislamu, mahari ni haki ya binti, na hapo shekhe wenu ndiye wa kuulizwa, si mimi. Nanyi mkipenda kumpa binti kitu cha kuanzia maisha, mpeni. Lamu wazazi wenye uwezo waliwapa mabinti nyumba za mawe walipoolewa, na hakuna aliyesema wamemnunua mkwe.

Kuna mambo ambayo maelezo ya mbali kama haya hayatoshi. Ndoa Uskoti inahitaji kila mmoja apeleke taarifa kwa msajili si chini ya siku 29 kabla, na kama kibali cha binti cha kuishi huko kina masharti, aulize mapema kwa mwanasheria wa uhamiaji. Mkitaka kumpa dhahabu, kiwanja au fedha nyingi, aonane na wakili wa Uskoti. Nasisitiza wa Uskoti, kwa sababu sheria zao za ndoa si zile za London. Sheria ya familia ya 1985 hugawa kwa haki, na kwa kawaida sawasawa, mali iliyopatikana wakati wa ndoa, lakini zawadi kutoka kwa mtu wa nje huwa haiingii katika mgawo. Ikibadilishwa, kwa mfano bangili zikiuzwa ili kununua nyumba baada ya arusi, mambo hubadilika, na asili ya fedha itabidi ithibitishwe. Makubaliano ya maandishi kabla ya ndoa yanaruhusiwa, na mahakama huyaheshimu ikiwa yalikuwa ya haki yalipofanywa. Kila mmoja awe na wakili wake. Na chochote mtakachompa, andikeni barua fupi yenye tarehe, orodha na jina lake peke yake, mpige picha, nakala moja ibaki kwako.